Kaburi la Mama Aliye Hai

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usijali. Shika mkono wangu tuingie pamoja.

Roselyn ni Mkenya wa Busia aliyekulia ng'ambo ya mpaka, Mbale, mtaa wa Nabuyonga, ambako baba yake aliuza mitumba. Ukubwani akavuka bahari, akapata kazi Uingereza ya kutunza wazee. Mwaka ule mto ulipofurika ukabeba nyumba na watu, yeye alikuwa amekuja likizo. Akapiga picha moja: mtoto wa kike, matope hadi kifuani, amekumbatia sufuria.

"Mama yake kachukuliwa na maji," majirani wakamwambia.

Roselyn akaamini. Akarudi na picha ile Uingereza. Kina mama wa kanisa lake wakalia, na jikoni kwa mjane mmoja aitwaye Bi Gillian, kati ya chai na keki, likazaliwa shirika dogo: Mkono wa Mbali. Nyumba ikajengwa Nalufenya, Jinja, ya kulea yatima. Mtoto wa picha, Santa, akawa wa kwanza kuingia.

Kisha ikaja simu ya Cleophas, msimamizi wa nyumba. "Dada Rose, mama wa Santa yuko hai. Alivunjika nyonga, ndugu zake wakamchukua kwao kaskazini. Sasa anamtafuta mtoto."

Siku hiyo Roselyn alikuwa anajiandaa kusimama mbele ya kanisa, picha mkononi. Akajibu maneno mawili tu. "Subiri kwanza."

Kusubiri kukazaa kusubiri. Mwishowe mama mwenyewe, Aber, akabisha hodi Nalufenya. Hakudai mtoto. Cleophas alikwisha mweleza kwamba ile ni nyumba ya yatima, na mama akifufuka, mtoto anatoka, shule inakwisha. Aber akaomba kazi ya jikoni, awe karibu tu. Na Roselyn, kwa simu, akampa.

Ndipo wiki jana Bi Gillian akashuka kwenye ndege pamoja na Roselyn, mara yake ya kwanza Afrika, akasema: "Kabla ya yote, nipelekeni kwenye kaburi la mama yake Santa. Nataka kuweka maua."

Twende sasa.

*

"Kaburi lipo," Cleophas alisema.

Walikuwa nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Bi Gillian alikuwa ndani akifundisha watoto wimbo.

"Kaburi la nani?" Roselyn akauliza.

"La mtu. Kule Mbale, nje kidogo ya Malukhu. Limejengwa kwa saruji na halijaandikwa jina. Nililiona nilipokwenda mazishi ya jirani."

"Cleophas!"

"Dada Rose, una wazo lingine? Mwambie basi mama wa watu mwili haukupatikana."

"Nilishamwambia tulimzika." Sauti ya Roselyn ilikuwa ndogo. "Nililisema kanisani. Nilisema watu waliimba."

Cleophas alimtazama kama mtu anayemwona mwizi mwenzake. "Basi watu waliimba. Kesho asubuhi tunaondoka mapema."

Roselyn alidhani jambo gumu limekwisha. Kumbe bado. Usiku wa kuamkia safari hakupata usingizi, na asubuhi, akila mkate, Bi Gillian akasema, "Yule mpishi wenu naye aje. Mtoto amemzoea. Huko tuendako atahitaji mkono wa kushika."

Roselyn akaenda jikoni. Aber alikuwa anamenya ndizi za matoke, kisu kikienda haraka, nyonga mbovu ameiegemeza ukutani.

"Aber, leo tunakwenda Mbale. Na wewe pia."

"Kufanya nini, madam?"

Roselyn akamweleza. Alitafuta maneno laini, hakuyapata, akasema yale yaliyokuwepo.

Aber aliacha kumenya. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. "Mimi nitaenda kuona kaburi yangu?"

"Nisamehe, Aber."

"Hapana, madam. Kama mimi nimekufa, nimekufa." Akaosha mikono, akaifuta kwenye leso aliyojifunga. "Ila Santa asilie sana. Yeye akilia sana anatapika."

Laiti angetukana! Laiti angechukua lile bakuli la maganda na kummwagia! Roselyn alirudi kibarazani, na Bi Gillian akamwambia, "Umechoka, mpenzi. Wewe unabeba wengi mno."

*

Cleophas aliendesha. Roselyn alikaa mbele. Nyuma walikaa Bi Gillian, Santa na Aber, na maua meupe yamelazwa kwenye beseni lenye maji miguuni pa Bi Gillian.

Walipoipita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, Bi Gillian akaanza kuzungumza. Roselyn alitamani asizungumze.

"Unajua, Roselyn, sikuwahi kukuambia. Siku ile ulipokuja jikoni kwangu na picha, nilikuwa sijaamka kitandani wiki nzima. Binti yangu alikuwa amefariki. Nilikuwa nimeamua sitafungulia mtu mlango tena."

"Sikujua hilo."

"Ulibisha sana! Nikafungua ili nikufukuze." Bi Gillian akacheka huku akifuta macho. "Nikamwona huyu mtoto na sufuria yake. Nikajisema: mimi ni mama asiye na mtoto, na huyu ni mtoto asiye na mama. Mungu amenipa sababu ya kuvaa viatu. Leo nataka kumshukuru yule mama. Nataka kumwambia kwamba mtoto wake hakulala njaa."

Yule mama alikuwa ameketi naye bega kwa bega. Kiingereza hakukijua. Alisikia tu jina la Santa likitajwa, akatabasamu kwa adabu.

Walisimama Namutumba kununua gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Aber akachukua moja, akaikata, akaipuliza hadi ikapoa, akaionja kwa ncha ya ulimi, ndipo akampa mtoto. Santa aliila bila kuangalia.

"Tazama," Bi Gillian alinong'ona. "Anampenda kama kamzaa. Mmempata wapi mtu kama huyu?"

"Alikuja mwenyewe," Roselyn akajibu.

Hilo lilikuwa kweli. Na Roselyn aligundua kwamba neno la kweli likikaa ndani ya uongo linauma zaidi ya uongo wenyewe. Angeweza kusema palepale, barabarani, mpunga ukiwa pande zote mbili na gari likienda. Aliivizia nafasi hiyo, akaiona inakuja, akaiacha ipite. Baadaye ikaja nyingine kwenye daraja. Nayo akaiacha.

*

Palikuwa shamba dogo la makaburi, majani marefu, migomba upande wa chini. Juu yao mwamba wa Wanale ulikuwa umejaa jua, na maji yakianguka juu yake kama uzi.

Cleophas alitangulia, akageuza shingo kushoto na kulia, akasimama penye kaburi la saruji lisilo na jina. "Ni hapa."

Bi Gillian akapiga magoti, mzee wa watu, magoti yake yakalia. Akaweka maua. Akaomba kimya, midomo ikicheza. Alipomaliza akanyoosha mkono. "Njoo, Santa. Njoo umsalimie mama."

Roselyn akatafsiri. Santa hakusogea. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Aber.

"Njoo, mpenzi. Usiogope."

Mtoto aliangalia kaburi, akamwangalia Aber. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia: "Mama, mimi nifanye nini?"

Hakusema na kaburi.

Roselyn aliganda. Miaka yote waliambiana kwamba mtoto alikuwa mdogo mno siku ya mafuriko, amesahau, hajui. Kumbe anajua! Mbele ya watu alimwita Anti. Pale jikoni, moshi ukiwa shahidi, alimwita Mama. Mtoto wa darasa la pili alikuwa amebebeshwa siri ya watu wazima, akaibeba bila kuidondosha.

"Nenda," Aber alimwambia taratibu. "Piga magoti. Sema asante. Halafu rudi."

"Amesema nini mtoto?" Bi Gillian akauliza.

Macho yote yakamrudia Roselyn. Cleophas alikohoa.

"Amesema..." Roselyn akaangalia maua. "Amesema anaona haya."

Santa akaenda, akapiga magoti juu ya kaburi la mtu asiyemjua, akasema asante. Bi Gillian akamkumbatia na kulia. Mtoto naye, kwa kuona mzee analia, akaanza kulia. Nyuma yao Aber alisimama wima, mikono imeshikana tumboni, akitazama mwanawe akimlilia. Chozi halikumtoka. Taya tu ndiyo ilikuwa inacheza.

"Habari zenu, wageni."

Wote wakageuka. Mzee mrefu alikuwa anapanda kutoka kwenye migomba, panga mkononi, kofia ya zamani ya jeshi kichwani.

"Nzuri, afande," Cleophas akajibu upesi.

"Mimi naitwa Wamboga. Hii shamba ni yetu." Akayaona maua, akamwona mzungu chini, akasimama. Akaivua kofia. "Nyinyi mmeleta maua kwa mama yangu?"

Akaliweka panga chini.

"Mama yangu alikufa mwaka jana. Hata jina hatujaandika, watoto bado tunabishana nani alete fundi." Akajifuta macho kwa kofia. "Mimi sikujua alikuwa na rafiki mzungu. Asante. Asante sana. Wewe mama ulimjua wapi?"

Bi Gillian alimtazama Roselyn. "Ni nani huyu? Mbona analia?"

Cleophas akamsogelea Roselyn hadi bega likagusa bega. Akaongea haraka kwa Kiswahili, meno yamefungwa. "Mwambie ni mjomba wa mtoto. Analia kwa sababu ya dada yake. Mzee namalizana naye mimi. Dada Rose, jambo limejileta lenyewe. Sema tu, twende nyumbani."

Na kweli lilikuwa limejileta. Mlango wazi kabisa, wa kupita bila kuinama. Mjomba. Neno moja.

Roselyn alifungua mdomo. Akamwona yule mzee amekumbatia kofia yake kifuani, anasubiri kuambiwa jinsi mzungu alivyompenda mama yake. Akaona kwamba sasa amefika mahali pa kuiba hata maiti.

"Samahani, mzee wangu," alimwambia Wamboga. "Hatukumjua mama yako. Tumekosea kaburi. Mimi ndiye niliyekosea."

"Dada Rose," Cleophas akasema.

"Nyamaza."

Aber alishtuka. Alikuwa ameielewa sauti kabla ya maneno. "Madam, usiseme! Madam, tafadhali! Santa atatolewa shule. Mimi nimekubali, si nimekubali? Mimi sina maneno na mtu!"

"Aber, ni mimi sijakubali."

Roselyn akashuka chini, akapiga magoti kwenye nyasi, uso kwa uso na Bi Gillian. Aliongea Kiingereza, bila kupamba.

"Kaburi hili si la mama yake Santa. Ni la mama wa huyu mzee. Mama yake Santa hakufa. Yule pale, aliyempulizia mtoto gonja, ndiye. Aliambiwa akijitokeza, Santa atatolewa shule. Niliposimama kanisani kusema tulimzika, nilikuwa nimekwisha pata habari kwamba anamtafuta mtoto wake. Nilijua, Gillian. Nilijua nikasema."

Upepo ulipita kwenye migomba. Bi Gillian alikuwa bado amemshika Santa. Akamtazama mtoto, akamtazama Aber, akaurudia uso wa mtoto, paji la uso, masikio. Mikono yake ikamwachia Santa polepole, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho amegundua si chake.

"Nenda," akasema. Santa hakuhitaji tafsiri. Alikimbia, akamfikia Aber, akaficha uso kwenye leso yake, na palepale, kama mama yake alivyosema, akatapika.

Aber akamfuta. Hakumtazama yeyote.

"Mwulize," Bi Gillian alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mwulize nani alimwambia lazima afe ili mtoto wake asome."

Roselyn akatafsiri neno kwa neno. Aber alisitasita, kisha akaonyesha kwa kidevu: Cleophas.

"Mimi?" Cleophas akaruka. "Mimi ndiye mbaya leo? Nilipiga simu! Siku ile ile niliyompata huyu mama nilipiga simu! Nikaambiwa nini? Subiri kwanza! Mwambie mzungu wako hilo pia. Mimi nimesubiri kama nilivyoambiwa."

"Anasema nilimwambia asubiri," Roselyn akatafsiri. "Ni kweli. Nilimwambia."

Bi Gillian alijaribu kuinuka, akashindwa. Roselyn akanyoosha mkono amsaidie. Mkono ukabaki hewani. Ni Wamboga aliyemwinua, kwa heshima, kisha akayaokota maua na kutaka kumrudishia.

"Mwambie ayaache kwa mama yake," Bi Gillian alisema.

Wamboga alipoambiwa, akainama. Akayapanga tena vizuri zaidi, akarudi migombani bila neno. Hakuaga. Roselyn aliona bora angemtukana.

Sasa Bi Gillian akatembea hadi alipo Aber. Wanawake wawili, mmoja hajui lugha ya mwenzake, wakasimama kutazamana. Kisha Bi Gillian akaongea, na Roselyn, ambaye hakuwa tena na uso wa kumtafsiria mtu, ikabidi atafsiri.

"Anasema: mimi nilikuwa na binti, akafa kweli. Kama ningeambiwa yuko hai mahali fulani, ningetambaa kwenda. Wewe ulitambaa ukafika, na sisi tukakupa masufuria uoshe. Anasema, hajui akuombe msamaha namna gani."

Aber alisikiliza hadi mwisho. "Mwambie Santa asitolewe shule," alisema. "Hiyo tu."

"Hatatolewa. Anasema anaapa mbele ya makaburi haya. Na anasema mtoto ni wako. Ukitaka kwenda naye kwenu hata leo, ni wako."

Ndipo Aber alipolia. Kwa sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa. Alikaa chini na nyonga yake mbovu, akamkumbatia Santa, akalia mpaka ndege wakaruka kwenye migomba. Roselyn alisimama hatua chache nyuma yao. Alijua hana ruhusa ya kulia hapo, akajiuma mdomo hadi akaonja damu.

Msomaji, unafikiri kuungama kunaleta usingizi? Roselyn naye alifikiri hivyo. Alidhani ameshusha mzigo wote pale chini ya Wanale.

Bi Gillian alimgeukia.

"Wale wengine," akasema. "Watoto waliobaki Nalufenya. Wale niliowafundisha wimbo jana."

"Ndiyo?"

"Mama zao wako wapi?"

Roselyn hakuwahi kuuliza. Cleophas ndiye aliyewaleta, mmoja mmoja, kila mmoja na hadithi yake ya huzuni, na yeye huko ng'ambo alizipokea hadithi akazipeleka kanisani zikiwa bado moto. Akageuka. Cleophas alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea gari, hatua kwa hatua, akipapasa mfuko wa suruali.

"Cleophas! Jibu!"

Aliyejibu ni Santa. Alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, ameacha kulia, na sasa siri ilipokwisha kupasuka aliona hakuna sababu ya kufunga nyingine.

"Mama wa Brendah ndiye analeta maziwa," alisema. "Wa Matia anakuja Jumapili, anasimama kwa uzio. Bwana Cleophas alisema tukiwaita mama, wote tutatolewa."

Roselyn akamwambia Bi Gillian maneno hayo, yote, bila kupunguza. Alikuwa hajamaliza injini iliponguruma. Gari lilipinda kwa nguvu, likang'oa nyasi, likashika njia ya Tirinyi na mlango wa nyuma ukiwa wazi, beseni tupu la maua likadondoka barabarani.

Cleophas alikuwa anarudi Jinja, kwenye nyumba iliyojaa watoto, na funguo zote za nyumba hiyo alikuwa nazo yeye.